Shimo la Bibi Ponsiana

Nilikuwa nahamishwa kutoka Lugoda Mpya kwa kosa la kulala ndani ya kaburi la Mzee Gaudensi Kikoti na kukataa kutoka.

Kuhamishwa siyo kupewa nyumba nyingine. Gari la wilaya linakuja, unapanda na begi moja, unashushwa Kambi ya Bondeni kwenye joto na mbu, mahali ambapo kila mkaazi ni mtu aliyekataliwa na wenzake. Mke haruhusiwi kufuata.

Kosa lenyewe silikani. Nililala. Jeneza lilikuwa limeshafika ukingoni, padri ameshavaa stola, wabebaji wanahema, na mimi nikaruka ndani ya shimo, nikajinyoosha chali, nikakunja mikono kifuani.

"Mapunda, toka!"

"Sitoki. Nyumba nzuri hii, haina kodi."

"Toka, Mngoni wewe! Mwenyewe anasubiri!"

"Mwenyewe yupi? Huyo? Babu yangu alimkamata babu yake amejificha nyuma ya mtungi wa pombe ya ulanzi. Leteni jogoo na lile koti lake la sufu, ndipo nimpishe. La sivyo mzikeni juu ya mti."

Mjane, Bibi Ponsiana, alikuwa amekaa kwenye mkeka amejifunika kanga, hajatia kitu mdomoni tangu mumewe afe. Akainua kichwa.

"Koti hupati," akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Kwa tumbo hilo utalipasua siku ya kwanza. Mpeni jogoo. Yule anayechechemea, wafanane."

Watoto wake wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mkubwa wao ndiye aliyenivuta mkono nikatoka. Mzee akashushwa, tukamlilia vizuri. Ndivyo Wangoni na Wahehe tunavyozikana tangu babu zetu walipochoka kuchomana mikuki wakaamua kutukanana. Wafiwa hawawezi kuchekesha siku hiyo, kwa hiyo kazi hiyo ni ya watani. Akifa Mngoni, Wahehe wanakuja kufanya yaleyale, na wao wana midomo mibaya kuliko sisi. Gaudensi aliniambia mwenyewe akiwa kitandani, pumzi imeshaanza kumtoroka: "Usipokuja kunitukana, nitajua ulinichukia."

Tatizo ni kwamba pale kaburini tulikuwa watu tisini, na Wahehe na Wangoni hatukufika hata theluthi. Lugoda Mpya ni mji wa watu waliofuata kiwanda cha parachichi na minara ya upepo. Wametoka Mara, Tanga, Kilimanjaro, na wengine wamezaliwa ghorofani huko mijini, ambako msiba unatazamwa kwenye kioo cha simu kwa nusu saa, kisha watu wanarudi kazini. Hao waliona mtu mnene anaruka kwenye kaburi la maiti na kudai kuku. Matumbo yao yakageuka.

Na vikuku vyao vikayaona matumbo.

Kila mtu mzima wa Lugoda Mpya anavaa kikuku. Ni bangili nyembamba, huisikii mkononi. Inasoma jasho, mapigo ya moyo, na jinsi tumbo linavyojikunja, na inasoma kabla mwenyewe hujajua umeona nini. Ikiwaka njano, hukumu yako imetoka tumboni, umeona kinyaa. Bluu, imetoka kwenye huruma. Nyeupe, umetulia ukafikiri. Nyeupe huwa tunaiona kwa wacheza bao.

Waliotuletea vikuku walitueleza kwamba zamani wataalamu waligombana sana. Wengine walisema binadamu anapima jema na baya kwa akili, kama mtu anayepiga hesabu. Wengine wakasema amefundishwa na mama yake kwa makofi. Wengine, amezaliwa na kipimo hicho. Kikuku kikamaliza ubishi: tumbo linaamua kwanza, kichwa kinafuata kutoa maelezo. Kichwa ni mpambe wa bibi harusi, anaongea sana lakini siye anayeolewa. Basi wakasema tumwache mpambe, tumsikilize bibi harusi. Sheria yetu ikawa fupi. Kitendo kikiwasha njano kwa zaidi ya nusu ya waliokiona, ni kosa. Hakuna wakili, hakuna shahidi wa kununuliwa, hakuna mtoto wa fulani.

Tuliishangilia, nami nilipiga vigelegele na wanawake. Kabla ya hapo tulikuwa na baraza ambalo mwenyekiti wake alisinzia, na akiamka anaamka upande wa mwenye ng'ombe wengi.

Mimi niliwashiwa njano na watu hamsini na wanane.

*

Afisa wa Vikuku alikuwa Bi. Nakijwa Mshana, mama wa Kipare mwenye miaka kama thelathini na tano, mpole, nadhifu, ambaye sijawahi kusikia mtu akimsema vibaya. Ofisi yake inanukia tangawizi. Alinikaribisha kiti, akanimiminia chai, halafu akanionyesha kwenye kioo cha ukutani taa zangu hamsini na nane.

"Mzee Mapunda, hali siyo nzuri."

"Nimeona. Kama shamba la alizeti."

"Usifanye mzaha, baba. Gari linakuja mwisho wa mwezi." Akasogeza kiti. "Lakini kuna njia. Sema msiba ulikuchanganya."

"Haukunichanganya."

"Najua. Sema tu."

"Halafu?"

"Halafu mfumo utakiweka kitendo chako kwenye magonjwa. Utakunywa vidonge wiki chache, utabaki kwako na mkeo Ditrika."

"Na Mngoni mwingine akiruka kaburini?"

"Naye atapewa vidonge."

"Na Mhehe akiruka kwenye langu?"

Akaniongezea chai.

"Sasa mama, mimi nikifa nani atanitukana? Nitazikwa kimya kama mbwa aliyegongwa na gari?"

"Utazikwa kwa heshima."

"Ndiyo hiyo ninayoiogopa."

Akacheka kidogo, akajizuia. Nikamwambia nataka marudio. Sheria inayo. Mshtakiwa akisema watazamaji hawakuelewa walichokiona, wanakusanywa walewale, wanaelezwa, kisha kitendo kinarudiwa mbele yao. Hakuna aliyewahi kuyaomba. Nani anataka kurudia aibu yake mbele ya watu?

Nakijwa akainuka akafunga mlango.

"Unajua kitakachotokea ukishinda?"

"Nitabaki nyumbani."

"Watu walewale, kitendo kilekile, rangi mbili tofauti. Hapo njano haiaminiki tena, siyo kwako wala kwa yeyote. Kifungu cha mwisho kinasema hukumu zote za njano zinaanguka. Bondeni wapo watu kumi na mmoja kutoka hapa. Wote wanarudi."

"Si vizuri? Auleria yumo." Auleria alimnyonyesha mwanambuzi ambaye mama yake alikufa, akamnyonyesha uani, watu wakipita. Njano tupu.

"Auleria yumo. Fundi Tasilo yumo." Huyo alikula ugali na maharage juu ya jeneza alilolitengeneza mwenyewe, wenye jeneza wakaingia. "Kumi ni wa namna hiyo. Hawakumuumiza mtu. Nimewahi kukaa hapa nikajiuliza walikosa nini, nikashindwa kupata neno. Najua tu kwamba hata mimi nikimkumbuka yule mbuzi, tumbo linageuka."

"Na wa kumi na moja?"

"Longino."

Chai ikanishinda. Longino Mbilinyi alimpiga mama yake mzazi kwa mpini wa jembe, sokoni, mchana, kwa sababu alimnyima ulanzi. Watu wote waliokuwepo waliwaka njano, mimi mmoja wao, na mpaka leo nasema tumbo langu siku ile halikukosea.

"Hawezi kushtakiwa upya?" nikauliza. "Kwa mashahidi, kizamani?"

"Anaweza. Mlalamikaji awe mama yake." Akaniangalia. "Na kuna jingine, mzee wangu. Ukiweza kuwafanya watu tisini wacheke kaburini, kesho mwingine atawafanya wacheke mbele ya jambo baya kweli. Bibi yangu aliwahi kuona mwizi wa kuku akichomwa moto, na umati unacheka. Alisema hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wengi tu. Mimi nilisomea kazi hii kwa sababu ya hadithi hiyo. Nilitaka kitu kimoja ambacho umati hauwezi kukichezea."

Niliacha kikombe nusu, nikaaga.

*

Mama yake Longino anaitwa Bibi Skola. Mimi ni fundi bomba, kwa hiyo nina ruhusa ya kuingia nyumba yoyote na mfuko wa spana. Nikaingia uani kwake, nikainama kwenye bomba lake, nikalifungua na kulifunga.

"Bomba halijaharibika," akasema. Alikuwa anachambua maharage. "Sema kilichokuleta."

Nikamweleza yote. Akaendelea kuchambua.

"Unataka nikwambie nini?"

"Unamtaka arudi au humtaki?"

"Namtaka. Na namwogopa. Chukua yote mawili uende nayo." Akatupa jiwe dogo nje ya ungo. "Siku ile sokoni, unajua kikuku changu kiliwaka rangi gani? Mlijua? Hakuna aliyeniuliza. Kiliwaka bluu. Niko chini, damu imeniingia machoni, namhurumia yeye. Sasa wewe na vyombo vyenu niambieni hiyo hukumu imetoka wapi."

"Sijui, bibi."

"Hata mimi sijui. Basi usije kunitwisha. Kaburi uliruka wewe."

Nikabeba mfuko wangu. Nilipofika mlangoni akaniita.

"Osmund. Kama umelifungua hilo bomba, lifunge vizuri. Sasa ndiyo linavuja."

Na kweli lilikuwa linavuja.

Nyumbani nilimkuta Ditrika, mke wangu, anasonga ugali. Nikamwambia kwamba pengine ni haki mimi niende Bondeni, kuliko Longino kurudi. Nilisema kwa sauti ya mtu anayetaka kubembelezwa. Yeye hana tabia hiyo.

"Auleria alimpa mbuzi maziwa kwa sababu mbuzi alikuwa na njaa," akasema. "Yuko kule mwaka wa pili, watoto wake wanalelewa na shangazi anayewahesabia vipande vya nyama. Tasilo ana shinikizo la damu. Wewe ukienda Bondeni utajiona mtakatifu, na wao wataendelea kuoza."

"Na Skola?"

"Longino akirudi, mama yake anahamia hapa. Tunampa chumba chetu, sisi tunalala sebuleni." Akageuza ugali kwenye sahani, ukakaa mzima. "Kula. Ukalale kwenye shimo lako ukiwa umeshiba, hilo ndilo tumbo ninaloliweza."

*

Tulikusanyika Jumamosi, ukungu umeshaondoka, watu walewale tisini. Kikwazo cha kwanza kilikuwa shimo. Kaburi la Gaudensi limeshafunikwa, na kulifukua hata mimi nisingekubali. Nakijwa akapendekeza tuchore mstari ardhini nilale hapo.

"Mstari?" Bibi Ponsiana akauliza. "Mngoni alale kwenye mstari kama mtoto wa chekechea? Chimbeni langu."

"Lako lipi, bibi?"

"Kaburi langu. Hapo, ubavuni mwa mume wangu, nafasi nilishaiacha. Nitalihitaji tu siku moja, kazi haitapotea." Na vijana waliposita akawafokea: "Mnangoja nife kwanza ndiyo mchimbe kwa haraka, mlipinde kama mlivyolipinda la baba yenu? Chimbeni nikiwa naona!"

Wakachimba. Akaagiza kiti chake kikae ukingoni, akaketi na kitenge kipya, akawa anasimamia. "Huko kwenye miguu ongezeni. Mimi ni mrefu."

Lilipokamilika Nakijwa akasoma maelezo. Alikuwa amejiandaa vizuri. Akaeleza vita vya Wangoni na Wahehe, akaeleza mapatano, akaeleza jinsi mtani anavyobeba kicheko ambacho mfiwa hawezi kukibeba. Watu wakasikiliza kwa adabu. Wakaitikia kwa vichwa.

"Mmeelewa?"

"Tumeelewa!"

"Mnaona alikosa?"

"Hapana!"

Akanipa ishara. Nikaruka, nikajinyoosha, nikapaza sauti kudai jogoo na koti. Kutoka chini niliona mbingu na kichwa cha Nakijwa kikitazama kioo kilichosimamishwa pembeni.

"Njano ngapi?" nikauliza.

"Hamsini na tano," akasema taratibu.

Watatu tu. Maelezo yote yale yalikuwa yamehamisha matumbo matatu.

Watu wakaanza kutazama mikono yao kwa aibu. Aikaeli Massawe, mwendesha mitambo kutoka Rombo, mtu mkubwa kama mlango wa ghala, ndiye aliyeitikia kwa kichwa kuliko wote, na kikuku chake kilikuwa kinang'aa njano kama embe. "Mzee Mapunda, unisamehe," akaniambia huku kainama kwenye shimo. "Mimi kichwani nimeelewa kabisa. Naweza hata kumweleza mwingine. Ila tumbo bado liko stendi."

Nilimuona Nakijwa akivuta pumzi. Nadhani nusu yake ilifurahi: kitu chake kilikuwa kimesimama imara. Na kikuku chake mwenyewe, nilikiona kutoka mle chini, nacho kilikuwa njano.

"Basi tumemaliza," akasema. "Nasikitika, mzee wangu."

"Hatujamaliza," akasema Bibi Ponsiana. "Wewe mrefu. Kwenu wapi?"

"Rombo, bibi."

"Mchaga. Watani wenu nani?"

Aikaeli akafikiri. "Wapare."

"Hapa hakuna Mpare?"

Macho yote yakamgeukia Nakijwa. Aikaeli akarudi hatua moja nyuma. "Bibi, huyu ni afisa."

"Afisa hafi?"

"Anakufa, ila..."

"Basi mzike. Mimi nasubiri."

Yule mtu mkubwa akakohoa, akavua kofia, akaivaa tena. "Bi. Mshana," akaanza, sauti ikiwa ndogo kuliko mwili, "siku utakapofariki, Mungu apishe mbali... sisi Wachaga tutapata shida sana. Maana hatutaweza kukuzika. Tukikufukia tu, utanyoosha mkono nje, uulize ardhi yote hii ilaliwe na mtu bila kupandwa tangawizi, ni akili?"

Nilisikia udongo ukidondoka pembeni ya sikio langu. Nakijwa alikuwa amesimama wima, midomo imebanwa, na nikafikiri, huyu jamaa tutakwenda naye Bondeni gari moja.

Halafu Nakijwa akasema, bila kumtazama: "Na wewe Massawe ukifa hatutaita daktari. Tutakaa mlangoni tuseme kwa sauti kwamba duka la jirani yako limefungua mapema. Usipoinuka, tunaleta jeneza."

Aikaeli akapiga goti chini kwa kicheko. Kundi zima la Kilimanjaro likalipuka. "Mwongezee, dada! Mwongezee!" Na Nakijwa akaongeza, sasa kwa lafudhi ya Upare ambayo hatukuwahi kuisikia kwake, akimwambia kwamba jeneza lake litabidi liwekewe kaunta. Alikuwa anacheka mpaka anafuta macho. Mkono wa kufutia macho ndio wenye kikuku. Akakiona. Kilikuwa kimezima.

Akakitazama muda mrefu kidogo.

Baada ya hapo hapakuwa na wa kuongoza. Mzigua wa Tanga akamvamia Mnyamwezi. Mkurya akasema watani wake hawapo, akaazimwa Wangoni kwa siku moja na akaitumia vibaya. Kijana mmoja akanyoosha kidole kama darasani: "Bibi, mimi sina kabila la kusema. Nimezaliwa ghorofani."

"Ghorofa ya ngapi?"

"Ya saba."

"Ya sita walikuwa watu wa namna gani?"

"Ah, wale! Wanakaanga samaki alfajiri!"

"Hao ndio watani wako kuanzia leo. Wakifa nenda kawatukane samaki wao."

Mimi bado nilikuwa shimoni, mgongo umeanza kuingia baridi. Nikainua kichwa kuuliza kama naweza kutoka, na Bibi Ponsiana akaniwekea mguu wake ukingoni.

"Lala. Bado sijasikia langu. Nyie wote mtanitukana siku ambayo sisikii, ni haki hiyo? Nitukane sasa."

Basi nikalala vizuri, nikamtukana. Nikasema mbele yenu ni Ponsiana Kikoti, Mhehe mwenye kiburi, mwanamke aliyewahi kurudisha mahari ya ng'ombe kwa sababu ng'ombe hakumsalimia. Nikasema tusidanganyane kuhusu kifo cha Gaudensi, haukuwa ugonjwa. Mzee alimsikia mke wake akiimba kwaya miaka arobaini, akaona afadhali awahi kwa malaika, angalau wao wanafuata kinanda. Nikasema hata huku chini ametuma salamu: Ponsiana asije haraka, ndiyo kwanza ameanza kulala usingizi.

Alicheka. Alicheka mpaka kitenge kikamdondoka begani, akainama, akashika magoti. Halafu kicheko kikageuka bila kukatika, akawa analia, kwa sauti, kama mtu anayetua mzigo, na binti zake wakaja wakamshika huku na huku. Wakaniambia baadaye kwamba siku ya mazishi hakuwa amelia hivyo. Alisema jina la mumewe. Alisema, "Gaudensi, unasikia wanavyonifanya?" Na watu tisini, wa ghorofani na wa milimani, wakawa wanalia na kucheka naye.

Njano zilibaki tisa. Bluu sikuzihesabu, zilikuwa nyingi.

Nakijwa alinipa mkono akanivuta. Ana nguvu kuliko anavyoonekana.

"Umeshinda," akasema. "Natakiwa niandike hukumu imetoka wapi. Siyo kichwani, kichwa kilishindwa mbele yetu wote. Siyo tumboni, tumbo limegeuka ndani ya saa moja."

"Andika imetoka kwa Bibi Ponsiana."

"Hakuna nafasi ya kuandika hivyo." Alikuwa anatabasamu, kisha tabasamu likapungua. "Umeona ilivyokuwa rahisi?"

"Nimeona."

"Mimi nilicheka kuliko wote. Bibi angenielekeza kwingine, ningecheka huko pia."

"Asingekuelekeza. Ni shimo lake."

"Wiki hii ni lake," akasema, akaenda kukunja kioo chake.

*

Gari la wilaya lilikuja mwisho wa mwezi kama lilivyopangwa, ila badala ya kunipakia likashusha. Auleria alishuka wa kwanza, na watoto wake wakamletea yule mbuzi, ambaye sasa ana pembe na hakumjali hata kidogo, akala ncha ya kanga yake. Tasilo alishuka akiuliza kama karakana yake ina mtu. Kumi walipokelewa kwa ngoma. Wa kumi na moja alishuka nyuma ya gari, upande ambao hapakuwa na watu, akatembea hadi kwa mama yake akakuta kufuli, maana Bibi Skola alishahamia kwetu.

Longino aliitwa mbele ya baraza jipya lililochukua nafasi ya vikuku. Mama yake aliulizwa kama anamshtaki. Akasema hapana. Akaulizwa tena, akasema maharage yake yako motoni, akaondoka.

Longino alikuja kwetu mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa hajanywa, akaomba radhi getini, tukampa chakula. Mara ya pili alikuwa amekunywa. Nilizuia mlango, na ule mlango akaubamiza nao mkono wangu ukiwa katikati. Walionisaidia kumtoa ni Aikaeli na yule kijana wa ghorofa ya saba. Sasa wanapokezana na vijana wengine kupita kwetu jioni.

Kwa hiyo gharama ni hii. Vikuku haviamui tena, na kesi ya kuku mmoja inachukua baraza wiki sita za maneno. Nakijwa Mshana hana tena kazi aliyoisomea, anafundisha hesabu shule ya msingi. Nyumba ya Bibi Skola imefungwa, ndiyo aliyozalia watoto wake wote. Mimi na Ditrika tunalala sebuleni. Na vidole viwili vya mkono wangu wa kulia, cha shahada na cha kati, havikunjiki. Spana naishika kwa kushoto.

Watu kumi wamerudi kwao. Longino naye amerudi.